Sijida Nane za Alasiri

Kashindye alikuwa hajui kibla kiko upande gani, na mtaa mzima wa Ng'ambo pale Tabora ulilijua hilo. Msikiti aliuona Idi mbili kwa mwaka, kanzu akiwa amepigiwa pasi na mkewe, na hata hapo alikuwa akiibia jicho kulia na kushoto aone wenzake wanainama lini. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye ambaye jicho lake lilianza kuswali vipindi vitano kwa siku, tena bila kukosa.

Aliyeliona jambo hilo ni shemeji yake, Nyamizi Mrisho, maana kazi yake ilikuwa kuangalia macho ya watu bila kuwaona watu wenyewe. Alikaa ghorofa ya pili ya Kituo cha Macho, mbele ya kioo kipana kilichojaa mistari, na kila mstari ulikuwa jicho la dereva mmoja wa treni. Dereva alivaa lenzi laini, nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Kazini alikuwa nayo, kitandani alikuwa nayo, na yenyewe ikapima presha ndani ya jicho na kuituma kituoni. Mstari ukikaa chini, rangi ya kijani. Ukianza kupanda, manjano. Ukigoma kushuka, dereva anaitwa kupimwa, na akikutwa upana wa kuona umepungua kupita kiasi, hapandi tena kichwa cha treni mpaka anaingia kaburini.

Utauliza, treni za siku hizi si zinajiendesha zenyewe? Zinajiendesha, ndiyo. Lakini tangu ile moja ilipopita katikati ya msafara wa harusi ikidhani ni kivuli cha wingu, watu walisema basi. Sheria ikatungwa kwamba treni bila jicho la mtu mbele yake haitoki stesheni. Mashine iendeshe, mtu aangalie. Na jicho la mtu, kama tunavyojua, nalo huumwa.

Presha ya macho ni ugonjwa mjanja, jamani. Hauumi, hauwashi, hautoi usaha. Unakula pembeni kwanza, polepole, mtu anaendelea kusoma gazeti na kutunga uzi kwenye sindano, hajui kwamba siku hizi anageuza shingo pale ambapo zamani aligeuza jicho tu. Mama yao Nyamizi alichambua mchele kwenye ungo akisema, "Naona vizuri, niacheni," mpaka siku aliyomimina chai ya moto kando ya kikombe, ikammwagikia mjukuu mapajani. Walipompeleka hospitali ilikuwa imebaki tundu dogo tu la kuonea, na dawa hairudishi kilichokwisha kupotea, inalinda kilichobaki. Alikufa akiwa haoni hata mkono wake.

Kwa sababu hiyo Nyamizi aliisomea kazi hii, na kila mwaka alikaa mwenyewe kwenye mashine kupimwa, maana ugonjwa huu hutembea na damu. Dada yake Mwasiti, mke wa Kashindye, alipoambiwa aje naye apimwe, alicheka. "Mimi macho yangu mazima, mdogo wangu. Katafute wagonjwa wako."

Sasa kuhusu hiyo swala. Mtu akiinamisha kichwa chini ya kifua, presha ya jicho hupanda palepale, na akiinuka inashuka. Pale ukumbini kila mtu alilijua hilo. Mstari wa dereva anayeswali ulikuwa na vijimiba vinavyosimama pamoja, vinne alfajiri, vinane adhuhuri, vinane alasiri, kila sijida na mwiba wake. Mashine ilikwisha kufundishwa ivipuuze. Nyamizi alikuwa akivipenda, na vilipoanza kutokea kwenye mstari wa Kashindye, alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Hakumwambia mtu nyumbani. Siri ya jicho la mgonjwa haitoki nje ya ukumbi.

"Wewe Mnyamwezi," alisema Pazi, aliyekaa dawati la pili, "shemeji yako si anakaribia kuwa imamu sasa? Mmemfanyia dawa gani?"

"Nyamaza, Mzaramo wewe. Nyinyi kwenu mpaka ngoma ilie ndiyo mumkumbuke Mungu."

"Na nyinyi mpaka mzigo uwaelemee kichwani."

Wakacheka. Walikuwa watani, na utani ndio uliowapitishia siku mle ndani.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkera Nyamizi kwenye mstari ule. Kila alfajiri, kabla ya swala, presha ya Kashindye ilikuwa juu kidogo kuliko mwezi uliotangulia. Si ya kutisha, lakini ilipanda. Wiki ile alimpigia simu akamgombeza. "Shemeji, unaruka matone ya dawa." Kashindye akaapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba anaweka kila usiku. "Basi mbona mstari unapanda?" Kashindye akasema labda ni ndoto za kuota anakimbizwa na mama mkwe.

Siku hiyo ya Jumanne, saa kumi ilipokaribia, Nyamizi alikuwa akinywa chai na huku akitazama kioo. Mstari wa Kashindye ukatoa mwiba, halafu mwingine. Akavihesabu kwa mazoea tu, akafika vinane. Alasiri hiyo, akasema moyoni, Mungu amkubalie.

Kikombe kikamsimamia midomoni.

Kashindye alikuwa kazini. Aliondoka Dodoma saa tisa na treni ya abiria mia saba, na kwenye kioo kidogo cha pembeni treni ile ilionekana imeshaipita Manyoni, inakimbia kuelekea Itigi. Dereva hukaa kwenye kiti, mkanda umemkaza kifuani, macho mbele. Dereva hawezi kusujudu mara nane huku treni inakata nyika.

Akauvuta mstari nyuma, wiki baada ya wiki. Akakuta kitu ambacho alikiona siku zote asikitilie maanani. Kila mwezi vile vijimiba vilikatika karibu wiki nzima, kisha vikarudi kama kawaida. Yeye alidhani shemeji kapata uvivu, si ndiyo tabia yake. Sasa akajiuliza kama mwenye akili: mwanamume gani anayepumzika swala wiki moja kila mwezi?

"Ya Rabi," alisema kwa sauti. "Dada Mwasiti."

* * *

Alitoka mpaka kwenye ngazi, akapiga kwa simu yake mwenyewe.

"Dada, umemaliza kuswali?"

"Ndiyo kwanza nimetoa salamu. Umejuaje?"

"Lenzi ya shemeji iko wapi?"

Upande wa pili alisikia jogoo wa jirani, na mtu anaburuta ndoo.

"Dada, iko wapi?"

"Iko jichoni kwangu," alisema Mwasiti kwa sauti ndogo.

Nyamizi akakaa kwenye ngazi. Akamsikia dada yake anaanza kulia, na maneno yakamtoka kwa fujo. Lenzi ya Kashindye ilianza kugeuka manjano, na matone hayakusaidia tena. Usiku alikuwa halali, anakaa uani anaisikiliza treni ya mizigo inavyopita. Alisema akifungiwa atakufa, na Mwasiti akamwamini, maana yule mwanamume alikuwa na treni tu duniani, na yeye. Lenzi yenyewe haimjui mtu. Haitaji hata ilipo, kwa sababu watu waliandamana wakakataa kufuatwafuatwa na serikali mpaka chooni. Inapima jicho lolote inaloliona. Basi mke akaivaa, na huu ulikuwa mwezi wa tatu.

"Nilisikia presha inapanda mtu akihangaika," Mwasiti alisema. "Kwa hiyo nikawa natulia. Kutwanga nimeacha, kubeba maji nimeacha, hata kugombana na Mama Shija nimeacha. Siku nzima nimekaa. Naswali tu."

Nyamizi alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Mtu amezuia kila kitu, akabakiza kile kimoja ambacho hakuwaza kwamba kinaonekana, na hata angejua asingekiacha.

"Anaona kiasi gani, dada? Niambie kweli."

"Mbele anaona. Anasoma hata maandishi madogo."

"Pembeni?"

"Kushoto hamna kitu. Usiku namshika mkono tukienda chooni."

"Na unamwachia aendeshe watu mia saba!"

"Usinipigie kelele!" Mwasiti akapandisha na yeye. "Hiyo njia anaijua hata usingizini. Sasa utafanya nini? Utatutaja? Mimi niliyekubeba mgongoni mama akiwa haoni pa kukanyaga?"

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa sababu sheria ilikuwa na milango miwili. Dereva akijitaja mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla hajaripotiwa, anatibiwa, anapewa kazi ya chini stesheni, na waliomsaidia kuficha wanasamehewa. Lakini mlinzi wa kituo, yaani mtu kama Nyamizi, akimgundua na kubonyeza kitufe chekundu, mlango huo unafungwa. Treni inapunguzwa mwendo palepale mpaka mwendo wa mtu anayetembea, na kesi inaanza. Jela kwa dereva, na jela kwa aliyevaa lenzi yake. Na mlinzi aliyejua asibonyeze, anaingia kundi moja na hao.

"Nitajaribu ajitaje," alisema Nyamizi. "Usiivue hiyo lenzi mpaka nikuambie. Omba Mungu, dada."

* * *

Njia ya kumpata dereva akiwa safarini ilikuwa moja tu, redio ya afya, na kila neno lililopita mle lilirekodiwa. Nyamizi alijua kwamba akifungua mdomo atakuwa ameandika kwa sauti yake mwenyewe kwamba alijua na hakubonyeza. Aliiwasha redio hata hivyo. Kitufe chekundu kilikuwa mbele yake chini ya kifuniko, akainua kifuniko, akaweka kidole juu yake bila kukandamiza.

Pazi aligeuka. "Kuna nini?"

"Subiri."

"Nyamizi, hicho kitufe hakichezewi."

"Nimesema subiri!"

Redio ikakwaruza, na sauti ya Kashindye ikaja imechangamka. "Aa, shemeji! Leo mmenikumbuka? Kama ni mambo ya matone nimeshaapa."

"Shemeji, angalia mbele, usigeuze shingo. Kushoto kwako kuna nini?"

"Kushoto kutakuwa na nini? Vichaka. Itigi hii, ulitaka kuwe na ghorofa?"

"Usiniambie unachokijua. Niambie unachokiona."

Nyuma ya Kashindye ilisikika sauti ya fundi wa treni, kijana aitwaye Dotto, anayesoma vipimo vya umeme na kupiga mluzi.

"Jicho la lenzi yako limetoka kuswali alasiri sasa hivi," alisema Nyamizi. "Rakaa nne kamili. Na wewe umefungwa mkanda."

"Astaghafirullah," alisema Kashindye. Uchangamfu wote ulikuwa umemtoka.

"Kidole changu kiko juu ya kitufe. Sijabonyeza. Jitaje sasa hivi, shemeji, maneno unayajua. Dada atapona, na wewe utapona."

"Dakika kumi tu, Nyamizi." Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina. "Itigi ile pale. Dereva wa zamu anasubiri. Niache niifikishe, nishuke kwa miguu yangu kama dereva, halafu nitajitaja mbele yao wote. Nimeendesha tangu hujaanza shule, nimewaletea harusi na misiba. Usinishushe porini kama mwizi wa mafuta."

Pazi alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia, maana redio ile ilisikika mezani pote. "Bonyeza," alisema taratibu. "Dada, bonyeza. Watu mia saba."

Nyamizi aliwafikiria. Si kwamba hakuwafikiria. Aliwaona wamejazana mle ndani na vikapu vyao na watoto wao, hawamjui. Kisha akamwona Mwasiti nyuma ya nondo, shungi limevuliwa, anauliza saa ya swala imefika au bado. Dakika kumi. Njia iliyonyooka, mashine inayojiendesha, dereva anayeijua kila nguzo. Amepita hapo miezi yote mitatu na hakuna kilichotokea. Mambo haya mtu akiyasema kwa haraka yanaonekana kama akili.

"Punguza mwendo ufike," alisema.

"Mungu akubariki, shemeji."

Pazi aliunyoosha mkono wake kwenye kitufe. Nyamizi akamdaka kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo hata yeye hakujua anayo, wakabaki wameshikana pale, wanatazamana, kila mmoja anapumua kwa nguvu. "Niachie," alisema Pazi. "Nakuomba," alisema Nyamizi, "nakuomba sana, kaka yangu."

"Ng'ombe!" Sauti ya Dotto ilipasua redio. "Mzee, kushoto! Kushoto kwako, ng'ombe, na mtu!"

"Wapi? Wapi?"

"Breki! Breki!"

Kilichofuata kilikuwa kelele za chuma, ndefu, zisizokwisha, na ndani yake mishindo ya kitu kizito, mara moja, mara ya pili, na watu wanapiga mayowe mbali kule kwenye mabehewa. Nyamizi alikuwa ameuachia mkono wa Pazi. Wote wawili walikuwa wamesimama na hakuna aliyegusa kitufe, maana sasa hakikuwa na kazi. Kelele zikapungua, zikageuka mlio mwembamba, zikakoma.

"Mtu," alisema Nyamizi. "Dotto, huyo mtu!"

"Ameruka." Dotto alikuwa anahema. "Yuko bondeni, namwona, amesimama. Anatutukana. Mungu mkubwa, anatutukana!"

Kisha ikaja sauti ya Kashindye, imekauka, inatamka kila neno kama mtoto anayesoma ubaoni. "Mimi Kashindye Mihayo, dereva wa treni hii, natangaza kwamba macho yangu hayafai kuongoza. Nimeficha. Najitaja mwenyewe." Akashusha sauti. "Sikuwaona, shemeji. Walikuwa wengi, na sikuwaona hata mmoja."

* * *

Mwanamke mmoja, muuza asali wa Manyoni, alivunjika nyonga. Alikuwa amesimama akimpisha mzee kiti. Wengine walipata mikwaruzo na uvimbe kichwani, na ng'ombe saba wa yule mchungaji walikufa relini. Daktari Msengi, mkuu wa kituo, alimsomea Nyamizi hayo yote asubuhi iliyofuata bila kupandisha sauti. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, na ukimya wake ndio watu waliouogopa.

"Rekodi inasema dereva alijitaja kabla ya kitufe," alisema. "Kwa sheria, yeye na mkewe wamesalimika. Wewe je?"

"Mimi nilijua tangu alasiri ilipoingia."

"Ungebonyeza ulipojua, treni ingewafikia wale ng'ombe ikiwa na mwendo wa mtu anayetembea."

"Ndiyo, daktari."

"Yule mama angekuwa sokoni leo na ndoo zake za asali."

"Ndiyo." Machozi yalimshuka Nyamizi, hakuyafuta. "Na dada yangu angekuwa mahabusu. Nilichagua. Sitasema kwamba sikuchagua."

Labda Daktari Msengi naye alikuwa na dada. Akanyoosha mkono, na Nyamizi akavua kitambulisho chake shingoni akampa. Kesi yake ingesikilizwa, na hakuna aliyekuwa na haja ya kumwambia itaishaje.

"Unaweza kwenda. Ile rekodi ya miezi mitatu tutaifuta, maana si ya Kashindye. Haina maana kwa mtu yeyote."

Nyamizi alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama na mkono kwenye kitasa. Ule mstari ukamjia kichwani, jinsi ulivyokuwa ukipanda kila alfajiri, na yeye akimgombeza shemeji yake kwa matone ambayo maskini alikuwa anayaweka kweli. Hakuwa ameuona hivyo tangu jana. Jana alikuwa anatafuta nani anaswali, akasahau kuuliza presha yenyewe ni ya nani.

"Usiifute," alisema. Akarudi mpaka mezani. "Daktari, nakuomba, usiifute."

Daktari Msengi hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Akageukia kioo chake, akauvuta mstari mpaka mwanzo, akautazama kutoka mwezi mpaka mwezi. "Mama yenu," alisema hatimaye. "Ulishaniambia kuhusu mama yenu."

Mwasiti alikuja kurudisha lenzi kabla ya adhuhuri, kama sheria ilivyomtaka. Alikuwa amevaa buibui lake jeusi la msibani, na hakumsalimia mdogo wake. Aliiweka lenzi mezani ndani ya kikombe chake kidogo, akaisukuma.

"Haya. Mmeridhika? Mtu amekaa nyumbani anatazama ukuta."

"Dada, kaa kwenye ile mashine. Dakika chache tu."

"Dakika chache zako tumeziona jana." Alisema hivyo kwa ukali, halafu akaona uso wa Nyamizi, akalainika kidogo. "Ya nini? Mimi macho yangu mazima. Nimepanda ngazi zenu zote hizo peke yangu."

"Nifanyie mimi. Nimeachishwa kazi, dada. Nifanyie hili la mwisho nikiwa humu ndani."

Mwasiti akaguna, akakaa. Nyamizi hakuruhusiwa tena kugusa mashine, kwa hiyo Pazi ndiye aliyewasha. Hakuwa amesema na Nyamizi tangu jana, kwenye kifundo cha mkono wake kulikuwa na alama za kucha, lakini alimwekea Mwasiti kidevu kwenye kishikizo kwa upole kama anayemvisha mtoto kofia, akamfunika jicho moja, akampa kibonyezo mkononi.

"Tazama ile nukta ya katikati, dada. Usiiache. Ukiona taa popote, hata hafifu, bonyeza."

"Basi?"

"Basi."

Taa zikaanza kuwaka ndani ya bakuli jeupe la mashine. Moja kulia, Mwasiti akabonyeza. Moja chini, akabonyeza haraka, akatabasamu kwa ushindi. Nyamizi alisimama nyuma yake, akikitazama kioo cha Pazi, ambapo kila taa iliyoonwa iliacha kitone cheupe na kila iliyokosa kuonwa iliacha cheusi. Vyeupe vilikuwa vingi. Akaanza kupumua. Akaanza hata kumshukuru Mungu kimoyomoyo.

Mashine ikahamia juu, upande wa pua.

Kidole cha Mwasiti kikatulia. Kitone cheusi. Kingine kando yake. Kingine.

"We Pazi," alisema Mwasiti, bado ametazama mbele kama alivyoagizwa, "mbona mmezima? Si mseme kama mmemaliza, mtu ainuke akaswali."

Pazi alimtazama Nyamizi, kisha akainamisha uso. Juu kule taa iliwaka, ikazimika, na nyingine ikawaka jirani yake.

Nyamizi akaweka mkono begani kwa dada yake.

"Bado, dada," alisema. "Tazama hapohapo mbele. Zinakuja."